Ukwaju kwa Kila Swali

Usiku wa jana niliota mbwa aliyekosea kufunga vifungo. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Koti lake jeupe lilikuwa refu hadi kwenye kucha, na kifungo cha juu kilikuwa kimeingia kwenye tundu la pili, kwa hiyo upande mmoja wa koti ulipanda hadi sikioni. Nilitaka kumwambia. Sikumwambia. Mimi huwa siwaambii watu mambo kama hayo, sembuse mbwa.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali. Benchi liko katikati ya shamba la alizeti, na alizeti zote zimenigeukia mimi badala ya jua. Jua limekaa nyuma yao, linangoja zamu.

"Shikamoo, daktari," nikasema, kwa sababu salamu huwa zinanitoka bila shida.

"Marahaba," akasema mbwa. Akafungua faili. "Wewe ndiye Zaituni?"

Koo likafunga.

Hili la koo si la ndotoni. Ninalo hata nikiwa macho. Nikiulizwa kitu, koo linafunga. Lilianza darasa la tano. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na utaratibu wake: anauliza swali, na fimbo inashuka kabla ya jibu, ili jibu litoke haraka. Swali, fimbo. Swali, fimbo. Mwishowe fimbo haikuhitajika tena. Mwaka ule ule nikaacha shule, lakini maswali hayakuacha kuja. Mwenye duka akiniuliza nataka sabuni gani, koo linafunga. Shangazi akiniuliza kama nimeshiba, linafunga. Hata kwa anayeuliza kwa upole. Hata kwa anayeuliza kwa kuinua nyusi tu. Nyumbani wameshazoea, wanasema Zaituni ana haya.

Ila ndotoni nilisikia komeo lenyewe likiteleza. Kraa.

Mbwa akaniwekea kipimo shingoni, akasikiliza.

"Nani yuko humo ndani?" akauliza.

"Fimbo ya mpera," ikajibu sauti kavu kutoka kooni mwangu. "Niko kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tano B. Swali likija, nafunga mlango."

"Nani alikuajiri?"

"Mwalimu. Yeye ameshastaafu, anafuga nyuki. Mimi sikuletewa barua."

"Na huyu binti unamjua?"

"Namwona kwa ndani tu," ikasema fimbo.

Mbwa akaandika yote hayo, kisha akanitazama kwa huruma. "Na leo saa kumi wanakuja kukuuliza," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Hilo nalo ni la kweli. Leo, baada ya swala ya alasiri, baba mdogo Ramadhani atasimama mlangoni mwa chumba changu pamoja na mashahidi wawili, aniulize kama nakubali kuolewa na Swaibu, fundi redio wa Kolo. Atauliza mara tatu. Kwetu mwari halazimiki kusema ndiyo. Akikaa kimya, kimya chake ndicho idhini. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya wasichana wenye haya, wasisumbuliwe. Aliyeuweka hakumfikiria mtu mwenye fimbo kooni. Swaibu ni mtu mwema, na meno yake yamepangika. Lakini mimi moyoni sikubali, na hakuna anayejua, kwa sababu kila aliyetaka kujua aliniuliza.

"Fimbo haing'oleki," akasema mbwa. "Ukiivuta, inajishikilia. Tutakachofanya ni kuufundisha mdomo jambo jingine juu ya swali lile lile. Mwalimu wako aliliunganisha swali na fimbo. Sisi tutaliunganisha na ukwaju."

Akaona ninavyomtazama mdomo.

"Usihofu," akasema. "Najua taratibu zenu za najisi. Mate yangu nakaa nayo mwenyewe." Akanionyesha chupa ndogo yenye kizibo, imening'inia shingoni mwake, imejaa hadi juu.

Nikafumba jicho moja tu, na shamba likawa darasa.

Kwenye kona ya darasa imekaa kengele ya shaba, mzee sana, imejifunika khanga mabegani.

"Zamani," kengele ikaniambia, "nilikuwa nalia mara moja, na madaktari wote humu wanachuruzika mate. Mara moja tu. Siku hizi hawanitaki tena. Wanataka maana. Maana ina nini? Haina hata shaba."

"Bibi, zama zimebadilika," akasema mbwa.

"Kaa chini, nilikulea," ikasema kengele.

Mbwa akakaa chini palepale, mkia umenyooka. Akabaki hivyo kwa muda, akitazama ukuta. "Samahani," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hiyo ni ya zamani. Amri yoyote. Siwezi kuizuia." Nikamwelewa vizuri kuliko nilivyowahi kumwelewa daktari yeyote.

Maswali yakaanza kuingia kwa foleni.

La kwanza lililetwa na kuku. "Nyumbani kwenu kuna mchele?" akauliza. Kraa, ikafunga fimbo. Papo hapo kijiko kikaniwekea ukwaju kwenye ulimi.

La pili likaja na birika. "Unafikiri mwezi una mgongo?" Kraa. Ukwaju.

Kisha kiti kikasema, "Leo ni Jumatano." Hakuna ukwaju. Wembe ukasema, "Mimi ni mkali." Hakuna ukwaju. "Taarifa hatuzilipi," akaeleza mbwa.

Kuku akarudi. "Na maharage?" Ukwaju. "Na wewe unaitwa nani, mwanamke unayetazama miguu yako?" Ukwaju. Nilikuwa kweli natazama miguu yangu, kwa sababu vidole vilikuwa vimejipanga upya, mdogo umehamia katikati.

Lilipofika swali la kumi na mbili, mdomo ulijaa wenyewe. Kijiko kikafika, kikakuta mate yameshatangulia, kikachukia.

"Sasa mimi nimeitwa ya nini?" kikasema.

Na kwa kuwa hilo nalo lilikuwa swali, nikajaa tena.

Mbwa alifurahi hadi koti likajifungua kifungo. Ila hakuridhika. Alisema huenda mdomo umejifunza sauti ya kuku, au ya kijiko, na saa kumi hakutakuwa na kuku wala kijiko. Akatoka nje, akarudi na mtu mwekundu mrefu, mwembamba kama ufito, mwenye nywele zilizosimama, mmoja wa wale waliochorwa kwenye miamba huko Kolo. Alikuwa bado na vumbi la jiwe mabegani. Akanitazama, akasema kitu katika lugha ya kugonga ulimi, lugha ambayo sijapata kuisikia hata sokoni.

Mdomo ukajaa.

"Umeelewa?" akauliza mbwa, na mdomo ukajaa zaidi. Nikatikisa kichwa. Sikuelewa neno hata moja.

"Lakini umejua kwamba unaulizwa," akasema mbwa, akiandika kwa haraka. "Mwili umejua."

Mtu mwekundu akasema tena, safari hii kwa kirefu, akirusha mikono. Mdomo mkavu kabisa, kama mdomo wa mtungi uliowekwa juani.

"Sahihi. Hapo alikuwa anazisifu nywele zako."

Nikaona haya. Mtu mwekundu naye akaona haya, lakini kwa kuwa alikuwa mwekundu tayari, ilibidi awe wa bluu.

Mbwa akaleta mitego. Mwiko ukaingia ukiwa umejishika kiuno, ukafoka, "Kwani mimi mtumwa wenu?" Mdomo mkavu. "Vizuri," akasema mbwa. "Huyo haulizi, analalamika. Mdomo wako una akili kuliko wangu." Kisha mlango wenyewe ukasema, "Habari za asubuhi?" Hapo nikashangaa: upande wa kushoto wa mdomo ulijaa, upande wa kulia ukabaki mkavu. Mbwa akafikiri, akaandika: nusu swali, aulizaye hangoji kujua.

"Mimi bado nafunga," ikasema fimbo kutoka kooni, kama mtu anayekumbusha kuwa yupo. "Msije mkasema sikuwaambia."

"Tunajua," akasema mbwa.

"Ila humu ndani pameanza kuwa na unyevu."

Nikapiga chafya, na darasa likawa ghala.

Ghala refu, rafu hadi juu, na kwenye rafu chupa, na ndani ya kila chupa kimya changu kimoja. Nilivitambua vyote. Kimya kina sura ukikitazama. Vyangu vimeinamisha kichwa. Mezani amekaa Muhuri, mfupi, mwenye upara wa mpira, na kila akimaliza sentensi anajigonga kichwa kwenye karatasi.

"Zaituni," akasoma. "Aliulizwa na muuza mbuzi kama anamtaka mbuzi wa pembe moja. Kimya. Yaani ndiyo." Akajigonga.

Mbuzi wa pembe moja akajitokeza nyuma ya rafu. "Nimekungoja miaka minne," akasema. "Sikulaumu. Nasema tu."

"Aliulizwa kama atakubali uenyekiti wa chama cha punda. Kimya. Ndiyo." Punda walikuwa wamejipanga nyuma kabisa, wakapiga makofi kwa kwato. Mmoja akaniletea hotuba ya kusoma.

"Aliulizwa kama ndiye aliyekula asali ya shangazi Mwanahawa. Kimya. Ndiyo."

"Asali sikula mimi," nikasema. Ilinitoka bila tabu, kwa sababu wakati huo hakuna aliyeniuliza.

"Umechelewa," akasema Muhuri. "Imeshakauka."

Nilikuwa nimekubali mambo arobaini na matatu. Nilikuwa na baiskeli isiyo na pedali, nilikuwa kipa wa timu ya Bereko, na nilikuwa nimeahidi kumlea mamba. Wote walinizunguka wakinishukuru. Walikuwa na adabu sana, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ni vigumu kumrudisha mtu mwenye adabu.

Mwisho wa rafu ilikuwepo chupa moja tupu, mdomo wazi kama kinda la ndege. Karatasi yake iliandikwa: Leo, saa kumi, Swaibu.

"Na hii ikijaa?" mbwa akauliza kwa ajili yangu.

"Hii ikijaa haifunguliwi," akasema Muhuri. "Hizi nyingine mtu anaweza kuja kulialia, tukaangalia. Ya ndoa tunaiziba kwa nta."

Nilitaka kuuliza ni saa ngapi. Saa ya ukutani ikashuka yenyewe, ikaenda kunawa uso, ikarudi ikiwa saa kumi.

Sasa ni sebuleni kwetu. Mikeka imetandikwa. Baba mdogo Ramadhani amevaa kanzu ya Idi na amesimama mbele yangu, mpole kama kawaida yake. Mashahidi wake ni mbuzi wa pembe moja na ile baiskeli. Shangazi Mwanahawa yuko mlangoni, mashavu yamevimba kwa vigelegele alivyovishikilia mdomoni kama mtu aliyebugia uji wa moto. Swaibu amekaa pembeni. Kifuani ana redio inayosoma taarifa ya habari, naye anaipunguza sauti kwa heshima ya shughuli. Muhuri ameegemea chupa. Mbwa amesimama nyuma ya pazia, koti linaonekana.

"Zaituni, mwanangu," akasema baba mdogo, "unakubali nikuozeshe kwa Swaibu?"

Kraa, ikafunga fimbo.

Na wakati huo huo mdomo ukajaa. Mate yakaja kwa wingi ambao sijawahi kuuona, na kwa kuwa koo lilikuwa limefungwa hayakuwa na pa kwenda ila mbele. Yakapita midomo, yakapita kidevu, yakashuka kwenye gauni, yakafika sakafuni yakaanza kutandaa.

"Mara ya kwanza," akasema Muhuri.

Baba mdogo akainua kanzu kidogo. "Mwanangu, unakubali?"

Yakafika magotini. Mikeka ikaanza kuelea, wageni wakiwa juu yake, wamekunja miguu, hakuna aliyesimama kwa kuwa si adabu kusimama katikati ya idhini.

"Mara ya pili."

"Jamani, nani amefungulia bomba?" akauliza shangazi, na kwa kufungua mdomo vigelegele viwili vikamponyoka, vikaruka dirishani. Swali lake likanijaza upya. Maji yakafika kiunoni.

"Mbona machachu?" akauliza mgeni mmoja, baada ya kuonja. Yakafika kifuani.

"Ndoo iko wapi? Nani ana ndoo? Tutapanda wapi?"

"Wageni wapendwa, naomba msiulize," akasema mbwa kutoka kwenye pazia, lakini watu wakishaanza kuuliza hawaachi. Kila swali lilipandisha maji hatua moja ukutani. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye sinia kubwa la pilau, anazunguka polepole, anatusalimia kila akipita. Swaibu aliinua redio yake juu ya kichwa, ikiendelea kusoma bei za alizeti. Mimi nilikuwa nacheka. Kicheko hakikuwa na njia ya kutoka, kikawa kinapanda na mapovu.

Halafu nikasikia sauti kavu, ila haikuwa kavu tena.

"Binti," ikasema fimbo, "samahani kwa usumbufu. Mimi sijui kuogelea."

Ilikuwa mara ya kwanza inaniambia kitu ambacho si kraa. Nikawaza: wewe ni mti.

"Sikupata kulifikiria hilo," ikasema.

Nikahisi komeo likiachia. Fimbo ikapanda kooni taratibu, ikapita juu ya ulimi, ikakwama kwenye meno kwa kuwa ilikuja kwa ubavu. Ikajigeuza, ikatoka kwa ncha. Ikaelea mbele yangu, fupi, nyembamba, ndogo mno kuliko nilivyoikumbuka. Ikatazama huku na huku.

"Kumbe naelea," ikasema. Hakuna aliyewahi kuiambia.

Ikapita katikati ya wageni ikiomba njia, "samahani, samahani, mzee," ikatoka mlangoni na mkondo, ikaelekea bondeni. Sikuiona tena.

Baba mdogo sasa alikuwa amekaa juu ya boriti la dari, amempakata mbuzi, kanzu imelowa, lakini sauti yake ilikuwa tulivu kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

"Zaituni, mwanangu. Kwa mara ya mwisho. Unakubali?"

Chupa tupu ikaelea hadi chini ya kidevu changu, ikafungua mdomo. Muhuri akaishikilia kwa mkono mmoja, nta kwa mkono mwingine.

Nikameza. Ikachukua muda. Nilimeza sebule nzima, mikeka ikashuka, sinia likatua, wageni wakarudi chini kila mmoja mahali pake, wamelowa na wana heshima. Kisha nikafungua mdomo, na hakuna kilichonizuia, na nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, ameshika gauni la kijani alilolipiga pasi kwa ajili ya alasiri.

"Kumekucha," mama akasema.

Mdomo mkavu.

"Maji ya kuoga yako jikoni."

Mkavu.

"Umelala vizuri?"

Mdomo ukajaa. Ulijaa ghafla, uchachu hadi kwenye mashavu, ikabidi nizibe kwa kiganja. Nikangoja koo. Koo halikufanya lolote.

"Mbona unadondosha mate kama mtoto anayeota meno?" akasema mama, na yakaja mengine, yakapita katikati ya vidole.

Nikameza. "Nimelala vizuri, mama," nikasema.

Mama akabaki na gauni mkononi. Kwa miaka tisa hajapata kuniuliza nikamjibu palepale. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akanitazama mdomo, kisha macho. Akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga tope kuona kama limeshakauka.

"Na hili gauni, utalivaa?"

"Sitalivaa."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikameza tena. Safari hii yalikuwa mengi.

"Simtaki Swaibu, mama. Hana kosa, ila simtaki. Sikumtaka tangu siku ya kwanza mlipokuja kuniuliza. Na nilipokaa kimya, nilikuwa nimekaa kimya tu."